Kila Mshono wa Saba

Cherehani yangu inaitwa Jaskółka,
maana yake mbayuwayu.
Niliinunua kwa kiinua mgongo
mwaka ule kiwanda cha pamba cha mtaa wetu, hapa Łódź,
kilipofunga milango yake ya chuma.
Miaka mitano, kadi ilisema.
Miaka mitano ya udhamini, muhuri wa bluu,
sahihi iliyoteleza hadi ukingoni.

Mwezi wa kumi na nne ikaanza kuruka.
Mishono sita inashika, wa saba unaruka.
Sita. Pengo.
Ukilitazama pindo kwa mbali ni zima;
ukilivuta kidogo
linafumuka kama uongo.

Niliwapigia.
Muziki, kisha sauti ya kurekodiwa, kisha muziki,
kisha kijana: "Mama, umejaribu kubadilisha sindano?"
Mwanangu, nimebadilisha sindano
tangu mama yako akiwa na meno ya utoto.

Wakataka risiti. Nikatuma risiti.
Wakataka picha ya risiti ikiwa kando ya mashine.
Wakataka namba iliyo chini ya tumbo lake;
nikaipindua mezani kama mtoto wa kubadilishwa nepi,
nikaisoma kwa kioo cha kukuzia, tarakimu kumi na tatu.
Hiyo ni ya mota, wakasema, si ya mashine.
Piga Jumatatu.
Piga sikukuu ya Watakatifu Wote ikipita.
Piga baada ya Krismasi.
Walinipiga kalenda mpaka kalenda yenyewe ikaisha,
nikatundika nyingine.

Februari ikaja barua:
"Hitilafu imetokana na matumizi."
Matumizi!
Nilipaswa kuifanyia nini, kuichungulia?
Ningetaka pambo ningenunua chungu cha maua.

Bwana Gracjan wa ghorofa ya tatu,
karani mstaafu wa mahakama,
alinishauri akiwa ameshika kofia yake:
"Achana nao, Bogumiła. Kampuni kubwa haikupigi,
inakuchosha tu."
Ni kweli. Lakini akili za mbayuwayu
nilizichanganya na zangu.

Usiku huo nilitandika mita mbili za kitani cheupe,
nikatunga uzi mweusi,
nikaandika kwa mashine ileile, herufi kwa herufi,
nikikizungusha kitambaa kwenye kona za M na za K
hadi mabega yakanikataa.
Kadi yao, neno kwa neno:
TUNAAHIDI. MIAKA MITANO. SEHEMU ZOTE.
Na kila mshono wa saba, pengo.
Sikuziba hata moja.
Ahadi ni deni, nami niliwarudishia hati ya deni lao.
Nikaikunja, nikaituma kwa rejista.

Siku tisa, kimya.
Kisha jibu, idara ya nyaraka:
"Hati yako haipiti kwenye skana.
Tafadhali itume upya kwenye karatasi."

Nilicheka peke yangu jikoni
mpaka chai ikapoa.

Halafu jioni moja simu ikalia. Mwanamke, hakutaja cheo.
"Naitwa Halszka, niko ghalani.
Kile kitambaa chako tumekitundika kwenye mlango wa kabati."
Nyuma yake niliisikia forklifti ikirudi kinyumenyume.
"Leo nimekivuta kidogo," akasema.
"Najua," nikasema.

Mashine mpya ilifika Alhamisi.
Kadi mpya, muhuri uleule wa bluu.
Nikachukua kioo changu, nikasoma yale maandishi ya sisimizi:
udhamini unahesabiwa tangu tarehe ya ile ya kwanza.
Hata sikushangaa.
Gauni la komunyo la mjukuu wa Teofila lilikuwa likingoja,
kola yake tu ndiyo iliyobaki.
Nikaketi, nikakanyaga.
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Nikainua mguu.
Nikakanyaga tena.
Wa saba ukashika.

Mpaka leo nashona nikihesabu kwa midomo.
Wateja hudhani ninasali,
wanapunguza sauti.